Chembe za kinga zinaipeleka saratani ya titi ubongoni ama zinaizuia? Nyumbani tumegawanyika

Bint_Langoni (mwanzisha mada)

Assalam aleykum wanajamii, na wasio waislamu hamjambo. Niko Lamu, mada ni ndefu kidogo mnivumilie manake kwetu saa hii hakukaliki.

Mamangu mdogo alipatikana na saratani ya titi la kulia mwaka juzi, akafanyiwa operesheni, akapigwa kemo, kisha akawa anadungwa ile sindano ya HER2 kila wiki tatu Mombasa. Ripoti yake ya biopsi ninayo hapa imeandikwa ER hasi, PR hasi, HER2 3+, yaani saratani haina vipokezi vya homoni ila ina protini ya HER2 kwa wingi. Akamaliza, tukashukuru Mungu, akarudi kwenye mikate yake ya mofa kama kawaida. Sasa tangu kabla ya Ramadhani akawa anaamka alfajiri kichwa kinampasuka, anatapika na hajatia kitu tumboni, ikifika saa nne hivi kinatulia, sisi tukasema ni presha, mwezi ulipoandama tukasema ni saumu. Mpaka siku moja anamimina chai birika likamtoka mkono wa kushoto, na mwenyewe hakuhisi kama limetoka, anatutazama tu sisi tunaoruka chai ya moto. Ndio tukapelekana kupigwa MRI, ikaonekana uvimbe mara mbili ubongoni.

Kapewa deksamethasoni (deksa), anangoja mionzi. Alhamdulilahi kichwa kilipoa siku ya pili yake tu.

Sasa ugomvi. Ami yetu anasema ugonjwa umepanda kichwani kwa sababu kinga imeshuka, ameleta madumu ya mchanganyiko, mlonge, msubili, asali na habat soda, na anataka deksa iachwe leo kabla ya kesho kwa sababu kasoma kile kikaratasi cha ndani ya pakiti kinasema inashusha kinga. Binamu yangu naye yuko chuo anasema kinyume kabisa, ati kuna utafiti umeonyesha chembe za kinga zenyewe, zile seli T, ndizo zinazoisaidia saratani ya titi kuvuka kuingia ubongoni, kwa hio ukiongeza kinga unaipa saratani nguvu. Na mama mdogo yuko kitandani pale anawasikia wote wawili.

Naomba mwenye elimu anieleweshe kwa kiswahili ninachokielewa, hizi chembe ziko upande gani? Na deksa tuiache au tusiiache?

---

Ummu_Twaha

Pole sana mwanangu, Mola amshushie shifaa. Mimi hayo ya seli siyayui, lakini kitwa kuuma alfajiri na kutapika na mkono kulegea si yambo la kutezea, mmefanya vyema kumpeleka. Na ami yako usimjibu mbee ya watu, mtu mzima ukimvundia heshima atashikilia lake hata akiyua si kweli. Mketishe kando na kahawa yake umwambie pole pole. Habat soda ni sunna ale kidogo, ila dawa ya dakitari isiatwe.

---

mteja_huru77

Tunayo dawa asilia inapandisha kinga na kusafisha saratani hatua zote. Lipa nusu sasa nusu ukipona. Nicheki inbox.

---

Fundi_Jahazi

@mteja_huru77 we mtu kila mada uko, juzi ulikuwa unauza hio hio kwenye mada ya mba. Toka.

---

Maabara_Malindi

Dada Bint_Langoni pole. Kabla sijaingia kwenye seli niseme hili kwanza, deksa isiachwe ghafla, hilo ndilo linaloweza kumdhuru wiki hii hii. Wengine watakueleza zaidi.

Sasa binamu yako. Hakudanganya, kasoma nusu. Ule utafiti ulitoka Rotterdam, Uholanzi, 2018. Walichukua uvimbe wa titi wa kina mama wenye ER hasi wakawagawa, huku wale ambao baadae ugonjwa ulienda ubongoni, huku wale ambao ulienda kwengine, wakalinganisha jeni zipi zinafanya kazi. Kwenye kundi la ubongo wakaona alama za seli T. Hawakuishia hapo, wakatengeneza ukuta wa bandia wa mishipa ya ubongo maabara wakaziweka seli za saratani ya titi juu yake, na zile zilizokuwa zimekaa pamoja na seli T zikavuka vizuri zaidi kuliko ambazo hazijakutana nazo. Kutafuta sababu wakakuta zile seli za saratani zimeanza kutoa protini inaitwa GBP1, na walipoinyamazisha hio GBP1 uvukaji ukapungua. Wakaenda kwa panya wenye kinga kamili, wakatumia seli za saratani zenye ErbB2 ambayo ni HER2 yenyewe kwa jina jengine, zile zilizokaa na seli T zilizoamshwa walipozidunga moyoni zikachagua kwenda kuota ubongoni.

GBP1 si kitu kigeni mwilini. Seli nyingi huitoa zikipata ishara ya intaferoni gamma, na intaferoni gamma ndio seli T huimwaga zikiwa kazini kupambana. Kwa hio ukiniuliza mimi kinachotokea ni kwamba seli ya saratani inakoswakoswa, haifi, na kwenye zile purukushani inatoka na ujuzi wa kupenya ambao mwanzo haikuwa nao.

Lakini angalia hizo seli T zilikuwa wapi. Zilikuwa kwenye TITI, kabla ya safari. Si ubongoni. Na kina mama wote walikuwa na saratani, hakuna hata mmoja ambaye kinga nzuri ilimletea saratani. Hapo ndipo binamu karuka mstari.

---

Maabara_Malindi

Naendelea, simu ilikuwa inaisha chaji.

Kwa nini ubongo? Swali la zamani hili. Daktari Stephen Paget wa Uingereza 1889 alipitia rekodi za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti akaona ugonjwa hausambai ovyo, kuna viungo unavipenda na kuna viungo unavipita tu, akasema ni mbegu na udongo, mbegu inaanguka kila mahali lakini inaota pale udongo unapoikubali. Mpaka leo hakuna aliyemtoa kwenye hilo.

Udongo wa ubongo ni mgumu. Mishipa ya damu kule seli zake zimebanana, nje zimekumbatiwa na seli za perisaiti na miguu ya seli zinaitwa astrosaiti, vitu vingi vya kwenye damu havipiti. Dawa nyingi pia hazipiti, na hapa ndipo ilipo habari ya mama yako mdogo, ile sindano ya HER2 ni molekuli kubwa, mwilini inafanya kazi nzuri sana lakini ubongoni inafika kwa shida. Ndio utamuona mgonjwa shingo chini yuko shwari, kichwani ndio pameota. Kwa wenye HER2 ambao ugonjwa umeshasambaa, hadi nusu yao hufikia kupata uvimbe ubongoni, na wale wa hasi-tatu, wasio na ER wala PR wala HER2, wako karibu karibu na hapo. Kwa hio mwambie ami asimlaumu mtu, si kwamba alikula vibaya ama kinga yake ilikuwa mbovu.

Zamani vitabu vilisema ubongo hauna kinga kabisa. Si kweli. 2015 timu mbili, moja Virginia Marekani na nyingine Finland, zilionyesha kuna mishipa ya limfu kwenye utando unaofunika ubongo, mishipa ambayo watu walikuwa wanaipita tu miaka yote hio. Na ndani ya ubongo wenyewe kuna walinzi wakaazi, mikroglia, wanaingia mapema mtoto akiwa bado tumboni na wanabaki kule kule.

Hizi mikroglia ndio vioja vyenyewe. 2010 Wajerumani waliona zinaisaidia seli ya saratani ya titi kupenya kwenye nyama ya ubongo. 2023 wa chuo cha California pale Irvine wakaja na matokeo tofauti, walichukua panya waliozaliwa bila mikroglia, na kwa hao panya saratani ya titi iliota ubongoni zaidi na walikufa mapema, na seli T na zile za NK, chembe nyengine za kinga za kuua, zikazubaa. Yaani mikroglia ndio zilikuwa zinapiga kelele ya kuwaita wenzao. Sasa utasema nani mwongo? Hakuna. Seli ni ile ile, inategemea imefika kwenye vita saa ngapi na saratani imeshaisemesha maneno gani.

---

Fundi_Jahazi

Maabara nimekusoma mpaka mwisho na mi ni mtu wa mbao tu nimeelewa, lakini nina swali la kijinga. Kama seli T zinaifunza saratani kupenya, mbona hospitali kubwa zinawapa watu dawa za kuamsha kinga? Kuna jirani yetu hapa Shela mtoto wake alimpeleka India akapewa hio tiba ya kinga kwa mamilioni. Sa hio si ndio kumwagia moto petroli?

---

Maabara_Malindi

@Fundi_Jahazi si la kijinga hata kidogo, wakubwa wanaligombania hilo hilo.

Kitu cha kwanza, kwenye saratani za hasi-tatu na za HER2, ukikuta seli T zimejaa ndani ya uvimbe wa titi mara nyingi ni habari NJEMA, wagonjwa hao kwa jumla huitikia kemo vizuri zaidi na huishi zaidi. Hilo limeonekana kwa maelfu ya wagonjwa. Kwa hio ule utafiti wa Rotterdam haufuti hili, unaongeza kwamba kwa wachache ambao saratani yao inanusurika kwenye kile kipigo, kuna hatari ya upande wa ubongo. Watu huwa hawapendi jibu kama hili, wanataka rafiki au adui, lakini ndio hivo lilivyo.

Cha pili, dawa za kuamsha kinga haziongezi seli. Zinatoa breki. Saratani hukanyaga breki ya seli T ili isipigwe, dawa inaondoa mguu kwenye breki. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Nobeli 2018 kwa kugundua tiba ya saratani ya kuzitoa hizo breki. Kwenye titi inayotumika ni pembrolizumab pamoja na kemo, hasa kwa hasi-tatu, na ikiwa imeshasambaa wanapima kwanza kama uvimbe una ile alama ya PD-L1. Kwa HER2 kama ya huyu mama si dawa ya kawaida. Kwa hio msikimbilie India kwa sababu ya neno kinga.

Na cha tatu, seli T si peke yake mchezoni. Nitaje machache tu manake ni bahari. Zile astrosaiti nilizozitaja, timu ya Joan Massagué pale New York 2016 ilionyesha seli ya saratani inajiunganisha nazo kwa vijitundu, inazipitishia ishara, astrosaiti inadhani kuna virusi vimeingia, inatoa ishara za kinga, intaferoni na TNF, na hizo hizo zinaipa saratani uhai na kuifanya istahimili kemo. Houston nako 2015 waliona astrosaiti zinatuma vifurushi vidogo vinavyozima jeni PTEN, jeni ya kuizuia saratani, ndani ya seli ya saratani, ikishazimwa seli hio inatoa ishara ya CCL2 inayowaita wala-taka wa kinga waje, na wakija badala ya kula wanalea. Nyutrofili nazo, zile chembe nyeupe za mwanzo kufika kwenye kidonda, 2020 hao hao wa Houston waliona baadhi zinaitwa ubongoni na saratani na zikifika zinawabana seli T.

Ukivisoma hivi mfululizo unaona kinga si birika moja unaloongeza maji. Ami anaongeza kinga ipi? Ya nyutrofili au ya seli T? Ya titini au ya ubongoni? Mlonge haujui kuchagua.

---

Ummu_Twaha

Hapo kwenye mlonge umenitekesha 😂 lakini ni kweli wallahi.

---

NesiBarani

Nimetoka zamu nimekuta mada imefika mbali. Mimi ni nesi hapa Malindi nimekaa wodi ya kina mama miaka na ya saratani pia, nitasema ya kitandani, ya panya nawaachia Maabara.

Deksa. Kazi yake hapa si kuua saratani. Uvimbe ubongoni unafanya maji yajikusanye pembeni yake, fuvu halipanuki, kwa hio ubongo unabanwa, ndio kichwa cha alfajiri na kutapika na mkono kulegea. Deksa inayapunguza hayo maji, ndio sababu alipata nafuu siku ya pili. Ukiiacha kwa ghafla maji yanarudi, anaweza kuanguka kifafa ama asiamke. Na kuna jengine, mtu akiitumia kwa muda tezi zake za juu ya figo zinalala kwa sababu zinaona dawa inafanya kazi yao, ukikata mara moja hazijaamka, presha inaporomoka. Kwa hio hupunguzwa kidogo kidogo na daktari ndiye anayepanga ratiba, si wewe si ami.

Ami ana haki kwenye jambo moja, deksa kweli inashusha kinga. Hakuna daktari anayekataa hilo. Ndio maana hupewa dozi ndogo inayotosha na kwa muda mfupi inavyowezekana, na kwa wanaopewa zile dawa za kutoa breki madaktari huibana zaidi isije ikazizima. Lakini kuchagua kati ya kinga ya nadharia na ubongo unaobanwa leo, hakuna kuchagua hapo.

Mambo ya kumuangalia mkiwa nyumbani. Deksa mpeni na chakula, asubuhi na mchana badala ya usiku kama daktari amekubali kugawa, manake usiku hawatalala, wanafungua macho wanaanza kupanga vyombo saa nane za usiku. Mwangalie ulimi, ukiona utando mweupe hio ni fangasi, inatibika, semeni mapema. Sukari ipimwe hata kama hajawahi kuwa na kisukari, deksa inaipandisha, na hapa ndipo nina neno na yale madumu, asali vijiko kwa vijiko kila siku juu ya deksa mnatafuta matatizo. Habat soda kwenye chakula kama kiungo sawa. Yale ya kunywa kikombe kizima, waambie wanaomtibu wazi wazi, chukueni na dumu lenyewe. Watu wanaficha miti shamba kwa kuogopa kugombezwa kisha vipimo vya ini vinapanda hatujui ni kemo ama ni dumu.

Na homa yoyote, hata ndogo, kwa mtu aliye kwenye deksa, hospitali siku hio hio. Deksa inaificha homa.

---

Bint_Langoni

Subhanallah. Ahsanteni sana wote. NesiBarani hio ya kupanga vyombo usiku umenichekesha na kuniliza, juzi tumemkuta uani saa tisa anapeta mchele. Tukadhani ndio akili inaondoka.

Maabara nimemsomea binamu maandishi yako, kanyamaza kwanza kisha akasema ngoja asome ule utafiti mzima. Ami sijamsomea bado, nafuata ushauri wa bi Ummu Twaha.

Wiki ijayo tuna kliniki Mombasa ya kupanga mionzi. Niulize nini? Manake tukifika pale mimi huwa napigwa na butwaa, daktari anaongea dakika tano ashatoka na mimi hata kalamu sijatoa.

---

NesiBarani

Andika kabisa kwenye karatasi, usitegemee kichwa, na mpe mtu mmoja tu kazi ya kuuliza, wakiuliza watano daktari hajibu hata mmoja.

Uliza kila uvimbe una sentimita ngapi na uko sehemu gani ya ubongo. Uliza kama mionzi itakuwa ile ya kulenga uvimbe peke yake au ya ubongo mzima, kwa sababu ukiwa na uvimbe mchache na mdogo ile ya kulenga mara nyingi inapendelewa, ya ubongo mzima inaweza kugusa kumbukumbu baadae. Kama pale wanapomtibu hawana ya kulenga uliza kama anaweza kuandikiwa rufaa na kama SHA, bima ya afya ya serikali, itabeba na kwa kiasi gani, hilo la pesa lisemwe siku hio hio si baada ya kulazwa. Uliza kama mwili mwengine umepigwa skani upya. Uliza ratiba ya kupunguza deksa.

Alafu kifafa, hili usiondoke bila jibu, kama anahitaji dawa ya kuzuia ama hahitaji, wote hawapewi. Na akishikwa nyumbani, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza karibu, MSIMTIE kijiko mdomoni, tazameni saa, ikizidi dakika tano ni dharura. Lamu najua dharura maana yake ni boti, kwa hio mjue mapema usiku mtampigia nani.

---

Maabara_Malindi

Niongeze la dawa. Muulize daktari wa saratani moja kwa moja, baada ya mionzi ni tiba gani ya HER2 inayofika ubongoni tunaweza kupata? Kuna vidonge vya molekuli ndogo, tucatinib, vikipewa pamoja na trastuzumab, ile sindano ya HER2, na kemo ya kapesitabini viliongeza muda wa kuishi hata kwa wagonjwa waliokuwa na uvimbe ubongoni, Marekani waliidhinisha 2020. Kuna na trastuzumab deruxtecan, hio ni sindano iliyobeba kemo mgongoni, nayo imeonyesha kuupunguza uvimbe wa ubongoni ingawa molekuli yake ni kubwa, kwa sababu pale uvimbe ulipoota ule ukuta huwa umeshalegea kiasi. Bei ya hizi dawa ni ya kutisha na sitaki kukupa matumaini ya bure, lakini uliza, kuna wakati zinapatikana kupitia majaribio ama mpango wa msaada, na mgonjwa ambaye hajauliza huwa haandikwi.

Kuhusu GBP1 na mikroglia na hayo yote, usimuulize daktari siku hio, hakuna kipimo chake cha kliniki wala dawa yake. Ni maabara bado. Binamu akitaka tuzungumze aje inbox, namuona ana kichwa kizuri.

---

Fundi_Jahazi

Dada boti isikupe tabu. Niambie siku na saa, nina ndugu yangu ana boti ya kufunikwa juu, mgonjwa hapigwi jua wala hamwagiwi maji, tutawavusha mpaka Mokowe mapema kabla basi la kwanza halijatoka. Na awekwe katikati ya boti si mbele, mbele kunarusha, kichwa chake hakitaki hayo. Pesa tutaongea baadae na tusipoongea pia sawa.

---

Bint_Langoni

Mungu akulipe kaka yangu, nakuja inbox.

---

mama_Kiponda_Mld

Samahani kuingilia, mi niko Malindi, nasoma hii mada tangu jana moyo unanienda mbio. Mimi yangu ni ER chanya HER2 hasi, niko kwenye tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, mwaka wa pili. Sijaumwa kichwa zaidi ya kawaida. Na mimi seli T zangu zitanipeleka huko? Niombe MRI?

---

Maabara_Malindi

Dada tulia. Ule utafiti wa Rotterdam ulikuwa wa ER hasi, haukuzungumzia aina yako. ER chanya ikisambaa mara nyingi inapenda mifupa, ubongoni inaenda kwa uchache zaidi kuliko HER2 na hasi-tatu. Na wewe hata haijasambaa. MRI ya kichwa bila dalili kwa mtu kama wewe haifanywi kama ada.

---

NesiBarani

Naongezea @mama_Kiponda_Mld, kichwa kinachokuamsha alfajiri kila siku, kutapika bila kichefuchefu cha chakula, kuona mbili mbili, mkono ama mguu kulegea, maneno kukwama, hizo ndio za kukuleta hospitali mbio. Na maumivu ya mfupa yasiyoisha, mgongo hasa, hayo kwa aina yako ndio ya kuyasema mapema zaidi hata kuliko kichwa. Tamoksifeni usiruke hata siku moja, kina mama wengi wanaiacha kwa sababu ya joto la usiku kimya kimya hawasemi. Kama joto linakusumbua njoo kliniki tuliongelee, kuna namna za kulipunguza.

---

mama_Kiponda_Mld

Joto ndio linaniua. Nilikuwa nishaanza kuruka ruka. Kesho nakuja.